Re: Mbona hati inasema "Lake Kenyatta" na shamba liko Mpeketoni?

Ndugu, hati ya shamba la marehemu mzee wako haina kasoro. Jina "Lake Kenyatta" si la mji wala la wadi, ni la sehemu ya usajili wa ardhi. Hati za ardhi za huku Kaunti ya Lamu husomeka vipande vitatu: Lamu, kisha jina la sehemu, kisha nambari ya kiwanja. Serikali ilipowapa watu mashamba upande huo miaka ya 1970, mradi ulipewa jina la ziwa lililo karibu, na ziwa lenyewe linaitwa kwa Mzee Jomo Kenyatta. Ukienda mji wa Hindi, hukuhuku Lamu, utakuta hati zimeandikwa "Hindi Magogoni" kwa mtindo huohuo.

Sasa wadi ni habari nyingine kabisa. Kaunti ya Lamu ina wadi 10, tatu Lamu Mashariki (Faza, Kiunga, Basuba) na saba Lamu Magharibi, na hutaikuta Mpeketoni katika orodha hiyo licha ya ukubwa wa mji wake. Utakuta Bahari, Hongwe, Mkunumbi na wenzao. Hizo zimechorwa kwa ajili ya kura. Halafu kuna lokesheni, yaani eneo la utawala la chifu, nayo ina mipaka yake. Ndiyo maana jirani wawili hubishana mchana kutwa wako wapi, na wote wana haki!

Ukienda ofisi ya ardhi kufanya sachi, yaani kuangalia kwenye rejista shamba limeandikwa kwa jina la nani, peleka jina na nambari kama zilivyo kwenye hati, nukta kwa nukta. Ukiandika "Mpeketoni" pale watakurudisha. Barua ya chifu ya mirathi, hapo ndipo utaje lokesheni.