Pini ya mbele ya sikio: ya kulia ilitoka, ya kushoto ipo

Wiki hii mmeuliza, "Kuna pambo la mwilini ulilolipata kwa maumivu, na je, ungerudia?" Mi nimesharudia kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu kidogo. Nimetoboa mara mbili, upande wa kulia ikashindikana, wa kushoto ipo mpaka leo huu mwaka wa tatu. Nazungumzia ile pini ya mbele ya sikio, sio ya ndewe wala ya kule juu kwenye gegedu, ni hapa kwenye ngozi ya uso, kati ya kile kinyama kigumu kinachokinga tundu la sikio na pale nywele za pembeni zinapoanzia. Mtu akikuangalia anaona vidoto viwili tu, kimoja juu kimoja chini, chuma chenyewe kimelala chini ya ngozi.

Mi mtoto wa Tanga, kwetu mtoto wa kike anatogwa angali mdogo. Bibi alinitoga mwenyewe kwa sindano na uzi, akaufunga uzi pale pale, akapaka mafuta ya nazi na kila asubuhi anauzungusha, uzi ulipotolewa akatia kijiti cha fagio la chelewa mpaka tundu likakubali. Na bado ananisimulia wakubwa zake walivyovaa majasi, tundu la ndewe limepanuliwa mpaka linabeba jasi zima. Kwa hiyo nilikua najiona najua kila kitu kuhusu sikio, na huko kujua ndo kulikoniponza. Ndewe inatobolewa ikatokea upande wa pili, tundu limenyooka, linapona likabaki tundu. Hii ya mbele ya sikio inaingia na kutokea upande uleule wa ngozi, haina nyuma, kwa hiyo mwili unaiona kama mwiba uliozama na mwiba kazi yake ni kusukumwa juu mpaka utoke. Hilo sikuambiwa na mtu.

Ya kwanza nilitoboa 2019 kwenye duka moja la vipodozi Kariakoo, shilingi 15,000, kijana akanichoma kwa sindano akatia pini iliyopinda, ile ya nyusi, dakika tano tumemaliza. Nikaenda nyumbani nikafanya yote ya bibi, mafuta ya nazi, kuzungusha asubuhi na jioni, na mama mdogo akaniongezea spiriti, nikawa napaka spiriti huku machozi yananitoka nikijua ndo inaua vijidudu kumbe inakausha na kuunguza ile ngozi changa inayojaribu kuota. Halafu mi ni msusi. Siku nzima nipo kwenye joto la draya, mikono ina gel, ina dawa ya nywele, na mkono huohuo unaenda sikioni kuangalia kama pini ipo. Mwezi wa tatu tangu nitoboe matundu yakaanza kupanuka, ngozi ya katikati ikawa nyekundu inang'aa, nyembamba mpaka naona kivuli cha chuma kwa chini. Niliona kabisa. Nikaiacha, nikasema nimeshateseka kiasi hiki siwezi kuitoa sasa, na hapo ndo panaponiuma mpaka leo maana ningeitoa wiki ile ningebaki na vialama viwili vidogo. Ilikuja kunaswa na uzi wa dera usiku nikivua nguo, ikachana kile kingozi kilichobaki, nikapata kovu refu kama punje ya mchele. Mama akanifuta damu akasema ukitaka uzuri sharti udhurike. Mama nampenda lakini methali ile siku ile sikuikubali na bado siikubali, kudhurika kule hakukuwa na ulazima wowote.

Ya pili 2022, nilikuwa Nairobi kwa binamu yangu, akanipeleka kwa dada mmoja anayefanya kazi hiyo tu. Kwanza hakunitoboa, aliniuliza maswali. Kwenu kuna mwenye keloidi? Yaani lile kovu linaloota na kuvuka mipaka ya kidonda, sisi watu weusi linatupata zaidi, na kama lipo kwenye ukoo basi hapo mbele ya sikio hapafai kuchezewa. Kwetu halipo, na matundu yangu manne ya ndewe yalipona safi, akakubali. Akaweka kidole mbele ya sikio akatafuta mapigo, wekeni na nyinyi sasa hivi mtayasikia, kuna mshipa wa damu unapanda hapo kwenda kwenye panja, ndo maana mtu asiyejua asikuguse. Kisha akaniambia fungua mdomo, funga, tafuna. Kumbe kiungo cha taya kipo hapohapo, ukitafuna ngozi inatembea, akaangalia wapi inatembea kidogo ndo akatia alama kwa kalamu, akanipa kioo. Akavaa glovu mpya, akafungua vifaa kwenye pakiti yao mbele yangu, vimepikwa kwenye mashine ya mvuke wenye presha, joto la nyuzi 121 kwenda juu. Na pini yake sasa! Haikupinda kama ya nyusi, imekaa kama pini ya stepla, imelala bapa chini ya ngozi na miguu miwili imesimama wima, kwa hiyo haibanani na ngozi inayoifunika. Ni titaniamu, kwa sababu vyuma vingi vya bei rahisi vina nikeli na nikeli inawasha watu wengi.

Maumivu ya sindano yalikuwa ya sekunde chache. Kazi ilianza kesho yake kwenye kutafuna, wiki nzima sikugusa muhogo wala makande, nilikula uji na ndizi za kupondwa. Masharti yalikuwa machache mno mpaka nikadhani amesahau mengine. Maji ya chumvi ya duka la dawa, yale ya asilimia 0.9 kama ya drip, mara mbili kwa siku unalowesha, unakausha kwa kitambaa safi cha karatasi, basi. Usizungushe, usipake mafuta, usitie spiriti, usiibandue ile gamba ya njano iliyokauka, hayo ni majimaji ya kawaida ya kidonda yakilowa yatatoka yenyewe. Usaha mzito wenye rangi, joto, kupwita na homa ndo unaenda hospitali, na unaenda nayo pini ikiwa ndani, maana ukiichomoa mwenyewe matundu yanaweza kuziba usaha ukabaki ndani.

Kilichonisumbua kuliko vyote ni kulala. Nikanunua ule mto wa duara wa safarini, sikio linakaa kwenye tundu la katikati, nikalala hivyo miezi minne. Ushungi nikawa nafunga wa pamba laini na pini ya ushungi nimehamishia kulia, simu sikio la kulia, na helmeti ya bodaboda ile kamba yake inapita palepale kwa hiyo nikawa napanda daladala tu. Bahari niliikosa sana, Kigamboni ipo pale na siwezi kuzamisha kichwa! Kazini nywele za wateja zilikuwa zinajisokota kwenye kidoto, nikajifunza kufunga kitambaa kabla ya mteja wa kwanza. Mwezi wa tano tangu nitoboe kikatokea kinundu pembeni ya tundu la chini, nikalia nikijua keloidi hiyo, nikampigia dada wa Nairobi akauliza umebadilisha nini, kumbe nilikuwa nimerudia ushungi wa zamani wenye shanga unasugua. Nikaacha, kikanywea chenyewe ndani ya wiki tatu. Keloidi isingenywea vile.

Ilipona kabisa mwezi wa kumi tangu nitoboe. Bibi aliigusa kwa kidole chake akauliza kijiti cha fagio nilitia lini, nikamwambia hii haitaki kijiti bibi, akakaa anaiangalia muda mrefu.

Kwa hiyo ningerudia? Kushoto ndio, kulia hapana, pale kwenye kovu sipagusi tena. Na hata hii najua inaweza kuamua kutoka mwaka wowote. Kila Ijumaa kabla sijafungua saluni nasimama kwenye kioo naangalia ngozi ya katikati na nafasi kati ya vidoto viwili, siku nikiona imepungua naitoa palepale. Ijumaa iliyopita ilikuwa bado vilevile.