Re: Kuiwakilisha Home Office kwenye rufaa, lazima uwe wakili?

Mkuu umeuliza kama ile kazi ya kuiwakilisha Home Office (wizara ya mambo ya ndani) kwenye rufaa za uhamiaji kule Uingereza ni lazima uwe wakili. Hapana, wengi ni watumishi wa umma tu, wanapewa mafunzo afu wanaingia mahakamani, na upande wa pili unaweza kukuta wakili aliyebobea kabisa kwa hiyo usiende ukidhani ni kazi nyepesi.

Kazi yenyewe unapewa faili, unasoma barua ya kukataliwa ombi, intavyuu ya mwombaji hifadhi na maelezo yake ya maandishi, unatafuta yanapogongana. Mfano kwenye intavyuu kasema askari walimkamata nyumbani, kwenye maandishi kasema sokoni, hapo ndo unamhoji mbele ya jaji. Uliza maswali mafupi, moja moja, manake kuna mkalimani katikati na swali refu linamfikia mtu nusunusu, halafu jibu lake unalishikilia kama ushahidi, hiyo sio haki. Ukimaliza wakili wake anamuuliza tena kuweka sawa, afu unatoa hoja zako, wakili anamalizia. Hukumu mara nyingi haitoki siku hiyo, jaji anaiandika baadae.

Ila nakuomba sana, mtu aliyeteswa kweli kuchanganya tarehe ni kawaida, usimkomalie hapo. Na ukiona ushahidi mpya umesimama, ongea na wakubwa zako ule uamuzi wa kumkatalia uondolewe, inaruhusiwa kabisa.

Upper Tribunal (ngazi ya juu ya rufaa hizi) usiiwazie kwanza, huko wanapelekwa wazoefu.