Jua Linawaka, na Bado Hatushuki

Saa moja na nusu asubuhi meli yetu ya mapumziko ilikuwa imesimama katikati ya ghuba ya Santorini, kisiwa cha Ugiriki. Juu ya jabali, karibu mita 300 kutoka usawa wa maji, zile nyumba nyeupe zilikuwa zimepangana kama meno. Wingu hakuna hata la dawa. Mume wangu alikuwa amevaa viatu tangu saa kumi na moja, begi mgongoni, tiketi za matembezi mkononi. Kipaza sauti kikakwaruza, nahodha akatangaza kwamba upepo umezidi, mashua za kushushia abiria haziwezi kukaa salama ubavuni mwa meli, kwa hiyo leo hatushuki.

"Upepo gani?" mume wangu akauliza, uso ameuelekeza kwenye jua.

Miezi yote ya kujiandaa tulikuwa tukitazama kitu sicho. Kila jioni tulifungua simu kuangalia utabiri: jua, jua, jua, nyuzi 30. Tukajipongeza kwa kuchagua vizuri. Hakuna kati yetu aliyeshusha macho hadi mstari wa chini yake, ule wa upepo. Mvua baharini itakulowesha tu, na meli itafunga gatini kama kawaida. Anayeamua kama utashuka ni upepo.

Bahari ya Aegea, ile iliyo kati ya Ugiriki na Uturuki, ina upepo wake wa kiangazi, unaitwa meltemi. Unatoka kaskazini, ni mkavu, na hushika kasi hasa Julai na Agosti, wakati hewa nzito iliyotanda juu ya Balkani inapoikimbilia hewa nyepesi iliyopashwa joto upande wa Uturuki. Hauji na wingu. Unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo huku anga likiwa safi, na ukafika kipimo cha 7 au 8 cha Beaufort, yaani kati ya kilomita 50 na 74 kwa saa. Watu waliozoea habari za kusi na kaskazi hawatashangaa: upepo wenye majira yake haubembelezwi. Sisi tulikwenda Julai, katikati kabisa, kwa sababu ndipo likizo zetu zilipokutana.

Santorini ina shida yake ya ziada. Ghuba ile ni shimo lililoachwa na volkano, na maji yake yana kina cha mita mia tatu na zaidi, kwa hiyo meli kubwa haziwezi kutia nanga kama zinavyofanya kwingine. Gati la kuzipokea chini ya jabali halipo. Meli inashikiliwa pale kwa injini zake, na abiria wanapelekwa pwani kwa mashua. Niliteremka sitaha ya chini kutazama mashua ya kwanza ikijaribu. Mlango wa ubavuni ulikuwa wazi na baharia mmoja amenyoosha mkono. Mashua ikapanda na wimbi mpaka sakafu yake ikawa juu ya kizingiti chetu, kisha ikazama mpaka nikaona paa lake tu. Ikapanda tena. Yule baharia akaurudisha mkono mfukoni. Sikuhitaji maelezo mengine. Bahati mbaya mume wangu alikuwa juu na hakuyaona hayo, akaendelea kuamini siku nzima kwamba nahodha ni mwoga.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza: kabla ya kulipia, soma ratiba uone ni bandari zipi meli inafunga gatini na zipi mnashushwa kwa mashua. Mara nyingi imeandikwa, kwa herufi ndogo au kwa alama ya kimashua. Bandari za mashua ndizo zinazokufa kwanza upepo ukija. Za gati nazo si za kuwekea rehani. Meli yenye urefu wa mita 300 na ghorofa kumi na kitu juu ya maji ni sawa na tanga kubwa lisilokunjwa, na upepo wa ubavu kwenye mlango mwembamba wa bandari unaweza kumfanya nahodha ageuze aende zake. Kisiwa kingine, Mykonos, kilitutoka hivyo siku mbili kabla ya Santorini.

Ndiyo, ilikuwa ya pili. Na hapo ndipo tulipogombana.

Nitalisimulia hilo kwa kirefu, kwa sababu nadhani hali ya hewa ilitupotezea siku mbili tu, lakini ugomvi ulikuwa karibu utupotezee safari nzima. Chumba cha meli ni kidogo. Ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na kabati kule. Mume wangu alikuwa ameandaa jedwali la safari yote, saa kwa saa, na rangi zake, hata muda wa kupiga picha. Alikaa ukingoni mwa kitanda akilifungua jedwali kwenye simu na kulifunga. Mimi, kwa kutaka kumfariji, nikasema, "Si kitu, ni kisiwa tu." Akanitazama kama nimetukana wazazi wake. Akasema kama nisingeng'ang'ania Julai haya yasingetokea. Nikasema kama yeye asingeng'ang'ania meli tungekuwa tumekaa mahali pasipotikisika. Maneno yalitoka mengi, na mlango wa kubamiza hakuna, maana milango ya meli hujifunga yenyewe polepole. Nilitoka kwa hasira na mlango ukachukua sekunde tano kunifuata. Sasa hivi tunalicheka.

Jioni ndipo tulipoelewana. Yeye tangu utotoni alikuwa na picha ya Santorini aliyoikata kwenye kalenda. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kuisikia habari hiyo! Safari yote, kwake, ilikuwa siku ile moja. Hizo nyingine zilikuwa njia ya kufika pale. Na mimi sikujali hata bandari moja. Nilikuja kulala, kusoma na kutopika. Kila mmoja alidhani mwenzake amekuja kwa sababu ileile. Kwa hiyo meli ilipokosa Santorini, yeye alikuwa msibani na mimi nilikuwa nikipunga upepo, tena kwa sauti.

Kaeni chini mapema, kabla hata ya kuchagua meli, kila mmoja amwambie mwenzake: ni siku gani ikikosekana itaniuma? Ikiwa kuna mahali pamoja ambapo mmoja wenu lazima apaone, basi msipafuate kwa meli. Nendeni kwa ndege au kwa kivuko, mlale siku tatu, upepo ukivuma leo mtatoka kesho. Meli ya mapumziko haina kesho. Ikikosa saa zake inasonga mbele. Huu ndio ushauri ambao mawakala wa safari hawatakupa, na siwalaumu, biashara ni biashara.

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Masharti ya tiketi kwa kawaida humpa nahodha haki ya kuruka bandari au kuibadilisha bila kumlipa abiria fidia. Mtakachorudishiwa ni ada za bandari, ambazo ni kiasi kidogo. Matembezi mliyonunua kwa meli hurudishwa yenyewe bandari ikifutwa. Yale mliyonunua wenyewe kwa mtu wa nje yanategemea masharti yake, na mume wangu alikuwa amenunua kwa mtu wa nje kwa sababu ni nafuu. Tulirudishiwa nusu, baada ya barua pepe nyingi. Bima nyingine hulipa bandari ikirukwa na nyingine hazilipi, kwa hiyo ulizeni neno kwa neno. Tena nunueni mapema: kimbunga kikishapewa jina, bima utakayonunua siku hiyo haitakihesabu.

Nimetaja kimbunga, maana wengi wanafikiria Karibi. Kule msimu ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Bei hushuka miezi hiyo, na si kwa ukarimu. Hofu ya kupigwa na kimbunga mkiwa melini ni kubwa kuliko inavyostahili, kwa sababu meli ya abiria huenda kwa kasi ya noti 20 hivi (kama kilomita 37 kwa saa) na kimbunga kikiwa maeneo yale husogea taratibu kuliko hapo, kwa hiyo nahodha hukizunguka. Kinachobadilika ni njia. Umekata tiketi ya visiwa vya mashariki, unajikuta magharibi. Nendeni mkiwa tayari kwa hilo. Na mfike mji wa kupandia meli siku moja kabla, kwa sababu dhoruba inayochelewesha ndege haiizuii meli kuondoka.

Sasa tumbo. Usiku ule baada ya Santorini meli ilikwenda mrama kwelikweli, na hapo nikakumbuka msemo huu ulitoka wapi. Henga za nguo kabatini zilikuwa zikigongana, tak-tak, tak-tak, mpaka nikaziondoa zote na kuzilaza sakafuni (fanyeni hivyo mapema, mtalala). Kwenye korido, vifuko vya karatasi vilikuwa vimeshachomekwa nyuma ya vyuma vya kushikia. Ukiviona, ujue mabaharia wameshauona usiku utakavyokuwa. Bwawa la kuogelea lilifungwa kwa wavu, maji yakimwagika upande huu na upande ule.

Mume wangu roho ilimchafuka saa tatu usiku. Chumba chetu kilikuwa mbele, karibu na omo, ghorofa ya juu, chenye dirisha zuri. Kosa. Meli inabembea kama ubao wa watoto, ncha ndizo zinazopanda na kushuka, na kadiri ulivyo juu ndivyo inavyokulaza ubavu hadi ubavu. Katikati ya meli, ghorofa za chini, ndiko kuna utulivu. Mkijua tumbo la mmoja wenu ni jepesi, chukueni chumba cha huko hata kama hakina dirisha.

Dawa tulikuwa nazo, ila alizimeza akiwa ameshaanza kutapika, na wakati huo hazina msaada mkubwa. Vidonge vya aina ya meklizini au dimenhidrineti vinatakiwa viingie saa moja hivi kabla bahari haijachafuka. Vinaleta usingizi, kwa hiyo pombe iacheni. Kuna pia kiraka cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio na kufanya kazi hadi siku tatu. Hicho ni cha daktari, si kila mtu anafaa kukitumia. Chanzo cha yote ni ugomvi wa sikio na jicho: sikio la ndani linasema tunasogea, jicho linaona kuta zimetulia. Ndiyo maana kujifungia chumbani na kutazama simu ndiyo njia ya haraka ya kuzidiwa. Mtoeni mgonjwa mahali anapoona upeo wa bahari, mpeni biskuti kavu na tangawizi, na msimwambie neno "chakula".

Nilimshusha hadi ghorofa ya mapokezi, katikati kabisa, karibu na dirisha. Tukakaa kwenye kochi mpaka alfajiri. Hatukuongea sana. Mwanga ulipotoka tukagundua kwamba upande mmoja wa sitaha ya matembezi haukuwa na upepo kabisa, ule ambao mabaharia wetu wa zamani wangeuita demani, kwa sababu mwili wa meli ulikuwa unauziba. Upande wa pili, kofia isingekaa kichwani sekunde moja. Watu wote walikuwa wamejifungia ndani wakidhani nje hakukaliki. Tulikuwa na sitaha nzima peke yetu, blanketi mbili, na chai. Huo upande upo siku yoyote ya upepo, utafuteni.

Kwa kuwa Santorini ilikuwa imefutwa, meli ilituwahisha Heraklion, mji wa bandari katika kisiwa cha Krete, ambako kuna ukuta mrefu wa kuvunja mawimbi na gati la uhakika. Tulipaswa kukaa saa sita, tukakaa siku nzima. Mume wangu hakuwa na jedwali la siku ile. Tulipanda basi kwenda Knossos, kilomita 5 tu kutoka mjini, tukazunguka magofu ya kasri la kale ambayo mwanaakiolojia Mwingereza Arthur Evans alianza kuyafukua mwaka 1900, tukabishana kama alivyoyajenga upya kwa saruji ni uhodari au uharibifu. (Mimi nasema uharibifu.) Jioni tulitembea juu ya ukuta wa bandari hadi kwenye ngome ya Waveneti. Mawimbi yalikuwa bado yanapiga upande wa nje na kuturushia chumvi. Alisimama muda mrefu akiyatazama, kisha akasema, "Mashua isingeweza." Nikanyamaza.

Tumeshaanza kupanga tena, safari hii mwishoni mwa Septemba, wakati meltemi unakuwa umelegea. Santorini tutaifikia kwa kivuko na tutalala usiku nne, ndipo tupande meli. Jedwali lipo, kama kawaida yake, ila halina saa. Lina safu mbili, yake na yangu. Yake imeshajaa. Kwenye yangu nimeandika "kulala", na ameipaka rangi ya njano.