Maswali yenu: Hadithi, vitabu na michezo ya nje kwa watoto wa Nairobi

Likizo ya Agosti imefika, na wengi mmeniandikia swali moja kwa sura tofauti: watoto wako nyumbani, runinga inanguruma kutwa, tufanye nini nao? Nimechagua maswali yanayogusa hadithi na mchezo wa nje kwa sababu naamini mambo haya mawili ni ndugu. Mtoto aliyesimuliwa habari za kobe hukitazama kila kijiwe kwa jicho jipya. Aliyemfuata konokono ukutani hadi akajificha, naye hukaa kitabuni akiwa na neno lake la kuchangia. Na kote kuwili anamtaka mtu mzima aingie naye ndani ya jambo, asibaki kuwa msimamizi.

Tunaishi Pipeline, ghorofa ya sita. Hakuna kiwanja, hakuna mti, hata jua halifiki dirishani. Hayo mambo ya kucheza na mazingira si ya watoto wa matajiri wa Karen? – Baba wa mtoto mmoja, Embakasi

Baba, uchungu wako nauelewa. Jiji linalojenga nyumba bila kuacha mahali pa watoto kukimbia lina deni kwa watoto hao, na tusichoke kulidai. Lakini mwanao anakua leo, kwa hiyo tuanze na kilichopo.

Loweka punje tano za maharagwe usiku kucha, kisha uziweke kwenye pamba yenye majimaji ndani ya glasi. Kuota hakuhitaji jua. Kila punje ipewe jina na mtoto mwenyewe, na kila asubuhi mwende pamoja kuangalia nani ameamka na nani bado analala. Baada ya siku chache mzizi utachungulia. Hapo mtoto ataanza kukuhadithia mambo ya ukoo mzima wa maharagwe bila kuombwa, na kazi yako ni kuuliza: "Halafu ikawaje?" Miche ikihitaji mwanga, ipandisheni juu ya paa mnakoanika nguo, kwenye mkebe wa rangi uliotobolewa chini.

Mkiwa huko juu, tazameni angani. Mwewe wapo kila siku. Kunguru wenye kifua cheupe wapo. Wale ndege wakubwa wenye upara, marabu, ambao mtoto amewaona juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo, hupita wakielekea mahali. Wapi? Wamebeba habari gani? Mvua ikinyesha usiku na kumbikumbi wakajaa kwenye taa ya ngazi, mwamshe. Usingizi ataulipa kesho.

Halafu, mkipata Jumapili, nendeni Arboretum, barabara ya Ikulu. Ni bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti iliyoletwa kutoka nje, na ina hekta 30 hivi za kivuli. Usiende na nia ya kumfundisha majina ya miti. Mwache achague mti mmoja uwe wake, auzunguke, aukumbatie, aupe siri. Beba kitabu kimoja mkisome chini yake. Mkirudi mwezi ujao atauona kutoka mbali na kuukimbilia.

Nafika nyumbani saa mbili usiku, miguu imekufa. Binti yangu wa miaka mitatu anataka kitabu kilekile kila siku na mimi nimekichoka. Naweza kuruka kurasa? – Mama, Umoja

Ukiruka atakukamata, mama, maana anakijua kuliko wewe. Na ana haki ya kukitaka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walifanya majaribio na watoto wa umri wa binti yako: waliosomewa hadithi zilezile tena na tena walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosikia maneno hayohayo katika hadithi tofauti. Akishajua kinachokuja, akili yake inapata nafasi ya kuyatazama mengine: neno geni, panya mdogo aliyechorwa pembeni, uso wa mama yake anayesoma.

Dakika kumi zinatosha. Siku ambayo hata kushika kitabu huwezi, zima taa, lala kando yake na uisimulie hadithi hiyohiyo kwa kichwa. Sita katikati ya sentensi na umwache aimalize. Jina la mnyama ukilikosea, atalisahihisha kwa furaha, na hapo ndiyo amekuwa msimulizi.

Mimi ni shosho, nalea wajukuu wawili hapa Kangemi. Shule sikwenda. Mama yao anasema niwasomee vitabu. Nitafanyaje? – Shosho wa wawili

Shosho, pokea heshima zangu kwanza. Hakuna barua niliyoisoma kwa furaha kama yako, kwa sababu unachokiona kama upungufu ni ghala. Hadithi zilikuwa midomoni mwa akina shosho kabla hazijaingia kwenye karatasi.

Anza usiku na mwito. "Paukwa!" Nao waitike, "Pakawa!" "Sahani!" "Ya mchele." "Giza!" "La mwizi." Ukifika hapo, hata mtoto aliyekuwa akipigania rimoti ameshageuka. Mpe sungura na fisi. Mpe hadithi ya mto uliokuwa ukichota maji ulipokuwa msichana, mlima uliokuwa ukiuona ukiamka, mnyama aliyewahi kukukimbiza. Watoto wa mjini hawana habari hizo popote pengine.

Kisha vitendawili. Tega vya zamani, kama "nyumba yangu haina mlango", ambacho watajibu yai kabla hujafunga mdomo. Baadaye wapeleke nje watafute vyao. Wajukuu wakimkuta konokono kwenye ukuta wa choo, waulize wangemtegaje. Labda: "Hapangi wala hajengi, lakini hakosi pa kulala." Uyoga ulioota baada ya mvua: "Mzee wa mguu mmoja, kofia haimvuki." Na wakishindwa, wadai mji kama ilivyo desturi. Watakupa Mombasa, watakupa hata Dubai. Upokee mji huo, useme ulivyosafiri, ulichokula huko, nani alikupokea, ndipo utoe jibu. Sehemu hii ya safari watu wengi siku hizi huiruka, wanakimbilia jibu. Mimi naona utamu wote uko hapo, maana ndipo watoto huona namna dunia inavyojengwa kwa maneno matupu.

Vitabu navyo usiviogope. Kaa nacho mapajani, fungua picha, uliza: "Huyu mama anakwenda wapi na hicho kikapu? Mbona huyu mbwa amenuna?" Wao ndio watakaokusomea picha. Na kama mkubwa ameanza kujua herufi, mwambie akusomee wewe. Mtoto husoma kwa bidii ya pekee akijua kuna mtu anayetaka kweli kujua hadithi inaishaje.

Mke wangu akisoma anaiga sauti ya fisi, ya kuku, ya kila kitu. Mimi naona haya, na majirani wanasikia. Lazima nifanye hivyo? – Baba, Zimmerman

Si lazima. Soma kwa sauti yako ya kawaida, polepole, ukinyamaza kidogo kabla ya kufungua ukurasa. Kinachomshika mtoto ni kuona kwamba hata wewe unataka kujua fisi atapona au la. Ila usimwachie mke wako kazi yote kwa sababu ya haya. Mtoto anayesikia hadithi kwa sauti ya baba hujifunza kwamba kuota ndoto mchana ni kazi ya wanaume pia.

Mwanangu wa miaka minne anasema amemwona simba kwenye ngazi za ploti. Nikimkatalia analia. Nimwadhibu kwa uongo? – Mama Junior, Kayole

Hapana, tafadhali. Uongo hutafuta faida: kukwepa fimbo, kupata peremende. Simba wa ngazini hatafuti chochote. Mtoto amekualika mahali, nawe unabishana naye mlangoni kuhusu kitambulisho. Muulize: ni mkubwa kiasi gani? Amekula? Atatokaje, na lango linafungwa saa nne? Baada ya maswali matatu utakuwa na hadithi ambayo kitabu chochote kingeionea wivu.

Profesa Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel jijini Oslo, Desemba 2004, alizungumzia kijito cha karibu na kwao alikokuwa akienda kumtekea mama maji. Alikuwa akicheza katikati ya majani ya nduma, akaona mayai ya chura yameungana kama uzi, akaamini ni shanga. Alijaribu kuyaokota, yakawa yanakatika vidoleni kila mara. Baadaye akaona viluwiluwi maelfu kwa maelfu kwenye maji safi. Yule mtoto alikosea kuhusu shanga, lakini kosa hilo ndilo lililomweka pale kijitoni, akiangalia kwa makini, mpaka ukweli ukajitokeza wenyewe. Na Profesa huyo ndiye aliyekuja kuupigania msitu wa Karura hapa Nairobi usikatwe vipande kwa ajili ya majengo. Simulieni hadithi hiyo mkiwa ndani ya Karura siku moja.

Mwanao akikutazama usoni na kuuliza, "Lakini ni kweli?", mjibu ukweli bila kumcheka. Akimsingizia simba kikombe alichovunja, zungumzeni habari za kikombe peke yake. Na wakicheza kalongolongo, ule mchezo wa kuigiza nyumba, wakakuletea chapati ya matope, ipokee, utafune hewa, uombe nyingine.

Vitabu vya watoto ni ghali. Nipate wapi? – Mlezi, Jericho

Uko mahali pazuri. Maktaba za Kaloleni na Eastlands kule Makadara ni matawi ya McMillan, maktaba ya mjini iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi hayo mawili yamekarabatiwa vizuri kupitia shirika la Book Bunk, yakiwa na nafasi ya watoto. Buruburu kuna tawi la maktaba ya taifa. Ukiwa mjini, pita kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaovitandaza chini kando ya barabara. Chagua chenye picha kubwa na maneno machache, na usijali jalada lililochakaa.

Kama una simu, African Storybook ina hadithi fupi za bure kwa Kiswahili, Kikuyu, Dholuo na lugha nyingine nyingi za Afrika. Zinaruhusiwa kuchapishwa, kwa hiyo unaweza kwenda saiba, duka la kompyuta, mkatoa nakala, mkazishona kwa uzi, na mtoto akapaka rangi. Kitabu alichokishona mwenyewe hatakichana.

Nisome kwa Kiswahili, Kiingereza au Kiluhya? – Baba wa watatu, Kawangware

Kwa lugha ambayo ukisimulia unasahau kwamba unasimulia. Kama ni Kiluhya, kisome, na maneno ya kitabu uyatafsiri papo hapo. Watoto wa Nairobi hubadilisha lugha mara tatu kabla ya kufika dukani, hawachanganyikiwi.

Hadithi za zimwi zinamtisha binti yangu. Niziache? – Mama, South B

Za kabla ya kulala, ndiyo, ziache kwa sasa. Simulia za zimwi mchana, mkiwa nje, yeye akiwa ndiye anayeamua zimwi linakimbilia wapi. Hofu hupungua mtoto akipewa usukani.

Nawaachia wacheze nje lakini naogopa wadudu na sumu. Niwakataze nini hasa? – Mwalimu wa chekechea, Mathare

Mwalimu, kataza machache na ueleze sababu. La kwanza ni mbarika, unaoota kwenye kila kiwanja kilichoachwa: mbegu zake zenye madoadoa ni nzuri kama ushanga na zina sumu kali. Waonyeshe mmea wenyewe, wasiuguse. La pili ni maji ya mto Nairobi, wa Mathare au wa Ngong. Yana maji taka, basi mtoni ni kutazama tu. La tatu ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayeitwa kwa jina la jiji letu, "Nairobi fly", na hutokea kwa wingi baada ya mvua. Hang'ati, ila akipondwa kwenye ngozi majimaji yake huleta malengelenge. Mpulizeni aondoke, na kama amepondwa, oshea sabuni mara moja bila kujikuna macho. Mkienda City Park, chakula kibaki ndani ya mkoba kwa sababu kima wa pale hunyang'anya.

Mengine yaache. Tope, majani, fimbo, chungu wanaobeba mzigo kumzidi mwenye kuubeba, vyote ni vya kuguswa. Weka ndoo ya maji na kipande cha sabuni karibu na mlango wa darasa, na watoto wakishanawa wakae chini wakueleze kila mmoja alimwona nani huko nje na walizungumza nini.