Kilo 100 za alizeti, mashine ileile, mafuta tofauti

Umeuliza kwa nini kilo 100 za alizeti zimetoa lita 24 ilhali mzigo uliopita, wa uzito uleule, ulitoa 41. Usifungue mashine kwanza. Anza na mbegu.

Alizeti nyeusi ya ganda jembamba huwa na mafuta kama asilimia 40 hadi 50. Ile ya michirizi, inayolimwa ili itafunwe, ina ganda nene na mafuta kidogo, mara nyingi karibu asilimia 30. Piga hesabu. Mbegu ya asilimia 44 ina kilo 56 zisizo mafuta. Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yakibaki na mafuta asilimia 10 yatapima kilo 62, kwa hiyo mafuta ni kilo 38, yaani lita 41. Mbegu ya asilimia 30 kwa mashudu kama hayo hutoa kilo 22, sawa na lita 24. Pengo hilo hakuna fundi atakayeliziba.

Hata aina moja hubadilika shambani. Kiini hujaa mafuta baada ya uchavushaji. Ukame ukiingia hapo, ganda limeshaumbika na kiini kinasinyaa, kwa hiyo unanunua maganda. Naitrojeni ikizidi, protini hupanda na mafuta hushuka. Joto la kipindi hicho, hasa la usiku, huongeza asidi ya oleiki na kupunguza ya linoleiki, asidi mbili zinazounda sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti. Ubaridi hufanya kinyume. Ukitaka mafuta yasiyochacha upesi, panda aina zilizozalishwa ziwe na oleiki nyingi, kwani hizo haziyumbishwi sana na hali ya hewa.

Baada ya hapo ndipo uangalie unyevu, na hapa wengi huharibu mbegu nzuri. Kwa mashine ya parafujo, yaani skrubu inayozunguka na kukamua mbegu, lenga asilimia 6 hadi 8. Mbegu zenye unyevu mwingi hugeuka uji, parafujo huteleza, mashudu hutoka laini yamejaa mafuta. Zikikauka kupita kiasi, mashudu hukwama, joto hupanda na mafuta hutoka meusi yenye mashapo mengi. Kausha gramu 100 za mbegu zilizosagwa kwenye oveni ya nyuzijoto 103 hadi uzito usipungue tena: gramu 7 zikipotea, unyevu ni asilimia 7. Mbegu za asilimia 5, kilo 100, zinyunyizie lita 2 za maji, changanya, funika hadi kesho yake.

Na kabla ya kununua, menya gramu 50 upime maganda peke yake. Yakifika gramu 20, teremsha bei au uache.