Mkuu futa hizo wiki za kiolezo kwanza, mengine tutaongea

Mkuu mleta uzi, simama hapo hapo. Sijamaliza hata kusoma ratiba yako ya kozi ya walimu watarajiwa, nimefika pale ulipoandika "wiki ya 2 hadi ya 6 mbinu za kufundisha ufahamu, wiki ya 7 hadi ya 11 kiolezo cha insha ya aya tano" nikaweka simu chini. Umeuliza mambo matatu: kitabu gani kitumike, usahihishaji uweje darasa likiwa kubwa, na hawa wanaoandikiwa kazi na akili mnemba uwafanyeje. Nitayajibu, ila kwanza hiyo ratiba, maana hiyo ratiba naijua, niliwahi kuitengeneza mimi. Tukizibandika yako na yangu watu watadhani umeniibia faili.

Kozi yenyewe ilikuwa hii hii yako, walimu watarajiwa wa sekondari, waandaliwe kufundisha kusoma na kuandika ili mwanafunzi akifika chuo asipotee. Nikafanya wanavyofanya wengi. Nikawafundisha jinsi ya kufundisha. Andalio la somo, malengo mahususi, kubashiri maudhui kwa kuangalia kichwa cha habari, kutafuta wazo kuu, maswali ya kabla ya kusoma na ya baada ya kusoma, halafu aya tano, utangulizi hoja tatu hitimisho, tumemaliza. Wakafaulu vizuri tu. Maoni yao ya mwisho wa kozi yalikuwa matamu mpaka nikayasoma mara mbili. Kitu kimoja sikuwafanyisha kozi nzima, kusoma andiko gumu na kuandika juu yake, wao wenyewe, kwa macho yao na mkono wao. Yaani kozi ya kusoma na kuandika, watu hawasomi wala hawaandiki, na mimi nimesimama mbele na tai yangu.

Bomu likalipuka kwenye mazoezi ya kufundisha. Nimekaa dawati la nyuma namkagua mmoja wa wale wazuri kabisa, kijana ana sauti, ana ubao msafi, darasa linampenda. Kawapa vipande viwili vifupi vya historia, waandishi wawili wanaelezea pambano moja na wanapingana. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu anasema wale ndio walianza kushambulia, na huyu anasema walishambuliwa. Tuandike lipi?"

Mkuu, hilo swali ndilo chuo chenyewe. Mtu anaenda chuo ili siku moja aulize hilo swali na akae nalo. Binti kaliuliza akiwa bado yuko shule, bure, bila kusukumwa. Kijana wangu akaangalia andalio lake, akaniangalia mimi kule nyuma, akasema: "Chagueni hoja tatu, mbili za huyu na moja ya yule, kisha hitimisho." Darasa zima likainama kuandika. Mimi nikainama pia, ila natafuta pa kujificha.

Na usimlaumu yule kijana maana kafanya nilichomfundisha, kwa usahihi kabisa, nilitakiwa nimpe alama zote. Tuliporudi nikachukua vipande vile vile nikawapa kundi zima, nikasema niandikieni ukurasa mmoja, nani anaaminika zaidi na kwa nini. Nikaletewa utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Ni wachache mno waliojiuliza nani kaandika, kaandika lini, kwa faida ya nani. Wineburg, mtafiti wa namna watu wanavyosoma historia, alishalionyesha hili mwaka 1991 Marekani, aliwapa wanahistoria na wanafunzi wa sekondari nyaraka za pambano la Lexington, lile lililofungua vita vya uhuru wa Marekani, wanahistoria wakaanza na chanzo, nani anaongea hapa, wanafunzi wakasoma kutoka juu kwenda chini wakiokota taarifa. Hayo nilikuwa nayo kwenye slaidi zangu! Nimewafundisha watu kuhusu Wineburg huku wao wenyewe wanasoma kama wale watoto wa Wineburg. Cheka tu, mimi nilishacheka yakaisha.

Kinachouma zaidi ni waliotangulia. Kundi lile angalau nililiwahi. Yale ya nyuma yalishahitimu, wako madarasani, kila mmoja na mikondo yake, kila mwaka wanapita watoto wapya wanafundishwa "mbili za huyu moja ya yule". Huwezi kuwaita warudi kama gari lenye breki mbovu. Halafu wale watoto wanafika chuo wanapewa sura nzima ya kitabu na makala mbili zinazotofautiana, mhadhiri anasema jadilini, nao wanatafuta hoja tatu. Mhadhiri anasema wanafunzi wa siku hizi hawajui kusoma. Mimi nakaa kimya kwenye hicho kikao.

Sasa nimseme aliyenipoteza. Kuna mwezeshaji mmoja alikuja kutupiga semina, mashati yake tu yanaonyesha hajafundisha darasa la watu wengi tangu zamani. Slaidi juu ya slaidi, mishale, duara, piramidi, na ile kauli yake kwamba mwalimu akishika mbinu anaweza kufundisha andiko lolote. LOLOTE. Tukapiga makofi, mimi nikiwa mbele kabisa naandika. Hakuna aliyemwambia jamani tupe ukurasa mmoja mgumu tusome pamoja tukuone na wewe unavyoufanya. Baadaye ndio nikakutana na utafiti wa Recht na Leslie wa 1988, watoto wakasomeshwa habari ya mchezo wa besiboli, na wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo wakaielewa na kuikumbuka kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Sasa hiyo mbinu ya andiko lolote iko wapi? Na watafiti wa usomaji Shanahan na Shanahan mwaka 2008 walieleza walichokiona kwa wataalamu wa historia, kemia na hisabati wakisoma maandishi ya fani zao, kila fani inasoma kivyake: wa hisabati anarudia neno kwa neno maana neno moja dogo linageuza kila kitu, wa kemia anaruka kutoka maelezo kwenda mchoro kwenda fomula na kurudi, wa historia anamshuku mwandishi. Wewe unawapa wote wazo kuu na kubashiri kichwa cha habari.

Nisieleweke vibaya, mbinu sio uchawi mbaya. Watafiti Graham na Perin walijumlisha tafiti nyingi za kufundisha kuandika mwaka 2007, kufundisha kupanga, kurekebisha na kufupisha kunasaidia sana, kilichoangukia pua ni sarufi inayofundishwa peke yake. Tatizo ni mbinu isiyo na andiko.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na sitaki mjadala: mwalimu mtarajiwa asifundishe kazi yoyote ya kusoma au kuandika ambayo hajaifanya mwenyewe mpaka mwisho. Na mkufunzi naye hivyo hivyo, wewe ndio wa kwanza. Wala sio jambo jipya, James Gray alivyoanzisha ule mradi wa uandishi wa walimu wa Bay Area pale chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1974 wazo mojawapo la msingi lilikuwa hilo hilo, anayefundisha kuandika aandike.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Siku ya kwanza sura nzima, sio kipande, sura ngumu ya kweli ya mwaka wa kwanza chuo, na wa kemia asome ya kemia. Wanasoma darasani kimya, na kila mtu anaweka alama pale alipopotea. Hapo penyewe ndipo penye somo, unawauliza ulipopotea ulifanya nini, uliruka, ulirudi, ulijifanya umeelewa? Wengi wanajifanya. Mmoja wangu alikiri mbele ya wenzake kwamba hajawahi kumaliza sura ya kitabu, amefika pale alipofika kwa madesa ya waliomtangulia, darasa likacheka halafu likanyamaza maana hakuwa peke yake. Kisha ukurasa mmoja, mwandishi anadai nini, anategemea nini, wapi hanishawishi. Kisha andiko la pili linalopinga, na ule ukurasa unaandikwa upya. Sio kuongezewa aya, upya. Na wewe unaandika ubaoni wanakuona unavyofuta, unakwama, unafuta tena. Aibu kidogo ila ndio dawa. Andalio la somo linakuja mwisho kabisa na utashangaa linavyokuwa fupi na la maana, maana mtu anajua mwanafunzi atakwama wapi, yeye alikwama hapo hapo wiki iliyopita.

Watakulalamikia. "Tumekuja kusomea ualimu sio kufanya insha." Maoni ya mwisho wa kozi yatashuka, mkuu wa idara atakuita. Nenda na zile kurasa zao za kwanza na za mwisho uziweke mezani kwake uone kama atakuwa na la kusema.

Haya maswali yako. Kitabu: hakuna, namaanisha usiwanunulishe kitabu cha mbinu, kitabu chako ni hizo sura na makala za fani zao. Kuna ripoti ya mwaka 2006 ya ACT, shirika la mitihani ya kuingia chuo kule Marekani, ilikuta kwamba kinachowatenganisha waliojiandaa na wasiojiandaa ni kumudu maandiko magumu, kuliko aina ya swali unalowauliza. Kwa hiyo pesa ya kitabu peleka kwenye fotokopi. Usahihishaji: usisahihishe kila kitu utakufa, soma ukurasa andika maoni mawili, moja la hoja na moja la ushahidi, koma na herufi kubwa waachie wenyewe kwa wenyewe wakaguane.

La akili mnemba nilikuwa na kitu cha kusema kimenitoka, ila ukurasa ukiandikwa mbele yako darasani kwa kalamu hilo swali linapungua lenyewe. Ukishapanga upya wiki ya 2 mpaka ya 11 itupe humu humu, na useme ni sura gani umeichagua na umeshaiandikia ukurasa wako au bado.