Damu kwenye mkojo: kijana wa Kwale na mzee wa Eastleigh

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kijana wako aliyetoka Kwale ameambiwa arudie kipimo cha mkojo kwa sababu ya damu kidogo, ilhali jirani yako mzee hapa Eastleigh, mwenye majibu yale yale, ametumwa akapigwe picha ya kibofu. Kijiti cha kupimia hubadilika rangi vilevile kwa wote wawili. Kinachotofautiana ni chanzo kinachoelekea zaidi. Kwa kijana aliyekua akioga na kuteka maji kwenye mabwawa ya Pwani, daktari huwazia kwanza kichocho, ugonjwa wa minyoo inayopatikana kwenye maji, na ndiyo maana mkojo hutakiwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya minyoo hutoka kwa wingi, hasa katika matone ya mwisho. Kwa mzee, na zaidi akiwa mvutaji sigara, ni lazima saratani ya kibofu ichunguzwe. Hata kipimo kingine cha mkojo, uwiano wa albumini (protini) na kreatinini (taka itokanayo na misuli), huathirika na mwili wa mtu, kwa kuwa mwenye misuli michache hutoa kreatinini kidogo, na uwiano wake hupanda bila albumini kuongezeka. Tafadhali mweleze daktari kijana alikulia wapi, hata kama hajauliza.